Jinsi ya kufunga mtego wa boksi usihame: mlimani, kwenye mawe, mchangani na kwenye udongo mweusi wa mbuga (uzoefu wangu wa Kigoma)

Fungo wa kwanza niliyemnasa alikufa kwa sababu ya kamba. Ilikuwa huku milimani upande wa Kalinzi, kuku wangu kumi na moja walikuwa wameshaliwa ndani ya wiki tatu, nikaweka boksi la wavu nyuma ya banda kwenye mteremko, nikalifunga kwa kamba ya katani kwenye shina la muhogo, nikaenda kulala nikijua kazi imeisha. Usiku mnyama akaingia, mlango ukashuka, akaanza kupigana humo ndani, muhogo ukang'oka na boksi likabiringika mpaka chini kwenye korongo. Asubuhi nakuta pale patupu, nikajua nimeibiwa, nikaanza hata kumwangalia jirani yangu kwa jicho baya. Siku ya pili ndo kijana mmoja aliyekuwa anachunga mbuzi akaniita. Siafu walishafika kabla yetu. Sitaki kueleza zaidi, ila nilirudi nyumbani nikamwomba jirani radhi kimoyomoyo na nikaamua kwamba sitategesha tena kitu ambacho sijakifunga nikakivuta kwa nguvu zangu zote.

Naandika haya kwa anayefuga kuku, bata au sungura na anahangaika na nguchiro, kanu, kicheche, fungo au paka shume. Naongelea boksi la wavu la kumnasa mnyama mzima, yaani mlango unashuka nyuma yake. Siongelei tanzi za waya wala mitego ya meno, hizo sitamfundisha mtu. Huku kwetu tunapakana na Gombe na kuna sokwe wanaotembea mpaka nje ya hifadhi, waya wa tanzi hauchagui, sokwe akiingiza mkono unamkata mpaka mfupa na anaishi na kilema au anakufa na kidonda.

Halafu suala la kibali, naomba usiliruke. Nguchiro, kanu, kicheche na fungo ni wanyamapori, na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Namba 5 ya mwaka 2009 hairuhusu kukamata mnyamapori bila kibali hata kama kakulia kuku. Anzia ofisi ya kijiji, eleza hasara yako, wakuunganishe na afisa wanyamapori wa halmashauri, yeye ndo atakwambia unaruhusiwa nini na mnyama akinaswa apelekwe wapi. Paka shume na panya hawana mlolongo huo. Na kama anayekusumbua ni fisi au chui usihangaike na boksi kabisa, hao waite wahusika.

Kwanza soma ardhi

Watu wengi wanaanza na mtego, mi nasema anza na ardhi, kwa sababu kigingi hakishikwi na nguvu ya chuma, kinashikwa na udongo uliokizunguka. Chukua kipande cha nondo na nyundo, pigilia pale unapotaka kuweka boksi, sikiliza na uhesabu. Kwenye udongo mwekundu ulioshikana nondo inaingia kidogo kidogo, labda sentimita mbili tatu kila pigo, na mlio unazidi kuwa mzito kadri unavyoshuka, hapo una ardhi nzuri. Ikizama kwa mapigo mawili matatu ujue ni mchanga au tope, kigingi peke yake hakitakusaidia. Ikilia kengele na kukurudishia mtetemo mkononi umegonga jiwe, sogea sentimita 20 ujaribu tena, ukikutana na jiwe mara tano hapo pana mwamba. Ikiingia vizuri halafu ghafla ikalegea kuna uwazi chini, mara nyingi shimo la panya au kichuguu cha mchwa kilichokufa, na pale usiweke kitu.

Jaribio hilo linachukua dakika tano tu. Fanya wakati wa mchana, na kama ni kiangazi jiulize udongo huo utakuwaje mvua zikianza, maana huku zikianza Oktoba au Novemba zinaenda mpaka Aprili au Mei, na kigingi kilichokaa kama kimechomelewa mwezi wa nane unakichomoa kwa vidole viwili mwezi wa kumi na mbili.

Vifaa vyenyewe

Nondo ya mm 12, vipande vinne vya sentimita 60 na viwili vya mita moja. Mwambie fundi wa kuchomelea akuchongee ncha upande mmoja na upande wa pili akuchomelee nati kubwa kama kichwa, bila kichwa waya utapanda na kuvuka juu, hilo limenikuta. Ringi mbili za nondo ya mm 8 zenye upana wa kupitisha nondo mbili ila nati isipite. Waya mnene, sio ule mwembamba wa kufungia nondo za ujenzi, ule ukiupinda mara kadhaa unakatika, ukilazimika kuutumia sokota nyuzi nne pamoja. Kebo za breki za baiskeli zilizotumika ni nzuri sana na mafundi baiskeli wanazitupa, ila angalia zisiwe zimechanika nyuzi. Nyundo ya kilo mbili, plaizi, mtaimbo au sururu, mifuko ya salfeti miwili mitatu, vipande vya tyubu ya baiskeli, na glovu ngumu.

Vigingi vya mti vinafaa ila mchwa wa huku hawana huruma. Mti laini ukiuacha ardhini wiki mbili unavuta unakuta nje mzima ndani unga. Ukikosa chuma omba kwa fundi seremala mabaki ya mninga, yale ya moyo wa mti yenye rangi nyekundu, mchwa hawayakimbilii. Kuna watu wanapaka oili chafu, mi siishauri, inanuka, mnyama anaisikia kabla hajakaribia na pia inaharibu udongo wako.

Namna ya kulishika boksi lenyewe

Hapa ndo palipo na makosa mengi. Boksi lifungwe sehemu mbili, zote chini kwenye fremu, kona ya mbele upande mmoja na kona ya nyuma upande wa pili, yaani mshazari. Ukifunga sehemu moja tu boksi litazunguka kama mbuzi kwenye kamba, mnyama anapata kizunguzungu na hofu na waya unakula udongo mpaka kigingi kinalegea. Usifunge kwenye wavu, utapasuka. Usifunge kwenye mlango wala karibu na reli za mlango, ukikaza utapinda kidogo tu na mlango utakwama katikati.

Na waya uwe mfupi, boksi liguse vigingi au zibaki sentimita tano. Kitu kirefu kinampa mnyama nafasi ya kurusha boksi na kila akirusha anapiga kigingi kama nyundo kwa upande wa pili.

Mlango wa mitego mingi unashuka kwa uzito wake, kwa hiyo boksi likiinama hata kidogo mlango unasugua pembeni na haufungi mpaka chini. Kabla ya kufunga chochote weka boksi, tegesha, dondosha mlango mara kumi. Mara tisa hazitoshi. Ukikwama mara moja, panga udongo chini ya kona iliyolala mpaka ushuke wenyewe kwa mlio ule ule kila mara, utaujua mlio huo, ni kama sufuria inayofunikwa.

Mlimani

Usiweke boksi juu ya mteremko kama ulivyo. Chimba ngazi, yaani kata udongo upande wa juu uurudishe upande wa chini ushindilie, upate sehemu tambarare yenye upana wa boksi na nusu. Boksi lilale kufuata kontua, mlango uangalie pembeni, usiangalie bondeni, kwa sababu mnyama akishtuka anasukuma kuelekea chini.

Hapa ule mshazari uache, vigingi vyote viwili vikae upande wa juu wa mlima. Nondo isisimame wima, iegemee nyuma, kichwa kikiwa kimelala kuelekea mlimani na ncha ikielekea chini ya boksi, hivyo boksi likivuta linazidi kuikaza badala ya kuing'oa. Watu wanafanya kinyume kwa sababu inaonekana kama nondo iliyoinamia boksi ndo inalishika, hapana, hiyo inachomoka kama mzizi wa karanga. Upande wa chini weka gogo au mawe mawili matatu yaliyozikwa nusu, kazi yake ni kuzuia tu boksi lisiteleze, hayo hayahesabiki kama kifungo.

Chimba na kijifereji kidogo juu ya ngazi kipeleke maji pembeni, mvua moja ya Kalinzi inatosha kuibeba ngazi yako yote.

Kwenye mawe

Miteremko ile inayoshukia ziwani, huko njia ya Mtanga na Mwamgongo, unakuta udongo kiganja kimoja halafu jabali. Usilazimishe nondo, utaipinda. Tafuta ufa. Ufa unaofaa ni ule ambao mdomo wake ni mwembamba kuliko ndani, ingiza kipande kifupi cha nondo chenye waya uliofungwa katikati, kiingie kwa urefu halafu kivute kikae kwa upana, kinakwama ndani kama mfupa kooni. Kisha pigilia jiwe dogo kama kabari ili kisizunguke kikatoka kwa njia kilichoingilia. Vuta kwa mwelekeo ambao boksi litavuta, halafu vuta juu, halafu kushoto na kulia, ufa mwingine unashika upande mmoja tu.

Kama hakuna ufa zungushia waya jiwe kubwa lililozikwa, ila sukuma jiwe kwanza kwa miguu yote miwili ukiwa umekaa. Likitikisika hata kidogo achana nalo, jiwe linalotikisika mlimani ni hatari kuliko kutofunga, likianza kwenda linaondoka na boksi na mnyama na pengine na mtu aliye chini. Pale ambapo hamna kitu kabisa jaza salfeti mbili mawe, kilo 40 kila moja, moja kila upande wa boksi, zifungwe kwenye fremu na pia zifungwe zenyewe kwa zenyewe kwa waya unaopita juu ya boksi. Inachosha kubeba, najua, lakini inashika.

Mchangani

Hii nilifundishwa na mzee mmoja mvuvi wa Ilagala, kule Malagarasi inapoingilia ziwani, nilikuwa nimeenda kumsaidia dada yangu ambaye paka shume walikuwa wanamaliza vifaranga vyake. Nimepigilia nondo ya mita nzima kwenye mchanga, naona fahari, mzee akapita, nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku ameshaishika nondo kwa mkono mmoja na kuichomoa bila hata kukaza uso. Akaniambia, "Mwanangu, mchanga haushiki chuma. Mchanga unashika mzigo. Zika mzigo."

Akanionyesha. Unachimba shimo la nusu mita kwa nusu mita, lifike sentimita 80 hivi. Unajaza salfeti mchanga robo tatu, unaifunga mdomo, unazungushia waya kiunoni mwake, unailaza chini ya shimo. Halafu unachimba kijinjia chembamba cha waya kutoka kwenye salfeti kwenda kwenye boksi kwa mshazari, waya upite humo umenyooka, maana ukipita kwenye kona utakata mchanga na kulegea siku ya pili. Kisha unarudishia mchanga tabaka kwa tabaka, kila tabaka mwaga ndoo ya maji na ukanyage. Maji yanafanya mchanga ulale na kushikana, hilo ndo watu wanasahau.

Nilikuja kupiga hesabu baadaye nikaelewa mzee alikuwa anasema nini. Mchanga mkavu mita moja ya ujazo ni karibu kilo 1,600. Juu ya salfeti yako kuna kama sentimita 60 za mchanga kwa nusu mita kwa nusu mita, hiyo ni karibu kilo 240 zimekaa juu ya kifungo chako, kabla hujahesabu salfeti yenyewe. Nondo ile ilikuwa na kilo yake moja tu hivi. Badala ya salfeti unaweza kuzika gogo fupi au jiwe bapa, ilimradi lilale kukingama na mvuto.

Usitegeshe karibu na maji. Miaka ya 2020 na 2021 ziwa lilipopanda sote tuliona lilivyomeza sehemu ambazo tulizoea kuanika dagaa, na hata siku ya kawaida upepo ukigeuka wimbi linafika usikodhani. Mnyama aliyefungiwa hawezi kuogelea.

Kwenye mbuga na majaruba

Shemeji yangu yupo Igunga, Tabora, kule kwenye udongo mweusi wa mbuga, na udongo ule una tabia mbili. Kiangazi unapasuka nyufa unaingiza mkono mzima, masika unavimba na kuteleza kama sabuni. Kwa hiyo kigingi kilichopigiliwa masika, udongo ukikauka unajitenga nacho, unakuta kimezungukwa na uwazi kama jino bovu. Kule tulitumia vigingi vya mkasi, yaani ringi moja, nondo mbili za mita moja zinapita ndani ya ringi hiyo hiyo, moja inapigiliwa kuelekea kushoto chini nyingine kulia chini. Juu vichwa vimekutana, chini ncha zimeachana mbali. Boksi likivuta juu, kila nondo inataka kutoka kwa njia yake na nyingine inaizuia. Kiangazi pigilia katikati ya bonge, usipigilie kwenye ufa wala ukingoni mwa ufa, na kila wiki rudi uzigonge tena.

Bonde la Luiche kwenye mpunga hali ni nyingine, hapo ni tope na maji yanapanda usiku. Pale mi sitegeshi kwenye tuta la jaruba hata siku moja, linabomoka na mwenye mpunga atakuja juu na ana haki. Tafuta kichuguu kisicho na uwazi chini au ardhi iliyoinuka, au jenga kichanja cha miti minne iliyozama mita moja, kimo cha goti, boksi lifungwe juu yake kona zote nne, na uweke ubao wa kupandia wenye vijiti vya kukanyagia. Kama mvua imetanda, funga mlango wa mtego ulale.

Kwenye mti

Mti mzima ni kifungo bora kuliko vyote kama upo mahali sahihi. Funga chini kabisa kwenye shina, ukifunga juu boksi likirushwa linaweza kuning'inia. Weka tyubu kati ya waya na gome, waya ukikata gome kuzunguka mti wote umeua mti wa watu. Mchikichi ni mzuri ila usifunge kwenye vile visiki vya makuti vilivyobaki kwenye shina, vinaoza na vinang'oka vyenyewe, zungushia shina lote. Migomba usiiguse, haishiki kitu.

Jaribu kabla hujaweka chambo

Chukua mizani ya kuning'iniza, ile wanayopimia samaki, ning'iniza kwenye fremu uvute mpaka kilo 40, mbele, nyuma, pembeni zote mbili na juu, na kila mwelekeo shikilia hesabu ya kumi. Fungo mkubwa anaweza kufika kilo 15 na akipigana anavuta kuliko uzito wake, na bado kuna mbwa watakaokuja kusikia harufu na nyani watakaotaka kuligeuza boksi wapate chambo. Huna mizani, kaa chini uvute kwa mikono miwili ukikanyaga kitu. Angalia shina la kigingi wakati unavuta, sio boksi. Ukiona udongo unainuka kama unga uliochachuka, au kaufa kadogo kanatokea nyuma ya nondo, fungua uanze upya, usijiambie kwamba kwa usiku mmoja patatosha. Mvua ikinyesha jaribu tena.

Ukishategesha

Funika boksi kwa gunia juu na pembeni, mnyama akiwa gizani anatulia na akitulia havuti. Weka kikopo cha maji kilichofungwa kwenye wavu. Angalia njia ya siafu, ukiona mstari wao hata kama uko mita 20, usitegeshe usiku huo. Na uende kuangalia alfajiri kabla ya kuswaki, kabla ya chai, kila siku, na kama kesho hutakuwepo basi leo usitegeshe.

Ukikuta mnyama usiingize kidole. Nguchiro na mbwa na paka wanaweza kuwa na kichaa cha mbwa. Ukiumwa au kukwaruzwa osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 halafu nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo ukapate chanjo, usisubiri uone dalili, dalili zikitokea hakuna dawa. Mpigie afisa wanyamapori na uache boksi limefungwa kwenye vigingi vyake mpaka afike, wengi wanafungua vigingi kwanza ili walisogeze kivulini, na hapo ndo mnyama anarusha boksi na wewe umelishika.

Unapoondoka eneo lile ng'oa kila kitu. Nondo ichomoe kwa kuizungusha kwa mtaimbo uliopitishwa chini ya nati, shimo lifukie, salfeti ifukue. Wakati wa kufunga mi huwa naandika kwenye simu idadi ya nyaya nilizotumia, na wakati wa kufungua nazihesabu mkononi. Mwezi uliopita zilikuwa sita nikapata tano, nikarudi na tochi kutafuta ule mmoja, nikaukuta kwenye ufa umejikunja duara upana wa mkono, nikaukata vipande vinne kwa plaizi na kuutia mfukoni.